Tone Moja Mbele ya Baba

Mvua ilikatika watu walipokuwa wakitoka misa, na jua la Februari likaanza kuchungulia juu ya mapaa ya Santa Clara kwa aibu, kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Dília Silveira alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni, vidole vikinukia mnanaa aliokuwa akiuchambua kwa ajili ya supu. Macho yake yalikuwa barabarani. Yalikuwa huko tangu asubuhi.

"Hata ukiitoboa kwa macho, hiyo barabara haitamleta mapema," baba yake alisema nyuma yake.

"Simwangalii mtu, baba. Naangalia maua ya mti wa jirani."

"Maua hayavai miwani."

Dília alicheka bila kugeuka. Mzee Anselmo Silveira alikuwa na umri wa miaka sabini na moja, na ulimi wake ulikuwa bado wa kijana. Alifika California kutoka visiwa vya Azori akiwa hana kitu, akaoa, na yeye na mkewe Filomena wakaanzisha maabara ya kupima damu katika chumba kimoja cha kupanga. Sasa Maabara ya Silveira ilikuwa na jengo lake, na karibu kila daktari wa upande ule wa bonde alipeleka damu za wagonjwa wake pale. Filomena alikufa miaka minane iliyopita. Dília, ambaye alisomea udaktari na kubobea katika mambo ya damu, ndiye aliyekuwa mkuu wa maabara. Baba yake alikuwa amestaafu, ila kila asubuhi alifika kuhakikisha kwamba amestaafu.

Na mtu aliyekuwa akisubiriwa siku ile ndiye aliyetaka, kwa maneno ya magazeti, kuzigeuza maabara zote za namna ile kuwa makumbusho.

Aliitwa Gurtej Bhogal, Tej kwa wanaompenda. Wazazi wake walikuwa wakulima wa mapichi huko Yuba City, kaskazini, lakini yeye alipenda mashine kuliko miti. Kampuni yake changa ilikuwa imetengeneza kifaa kinachopima damu kwa tone moja tu la kidole. Mwaka mmoja kabla, aliingia kwenye ofisi ya Dília kuomba alinganishe majibu ya mashine yake na ya kwao. Dília alimkatalia. Siku ya pili akarudi, akakataliwa tena. Siku ya tatu Dília, kwa kumwonea huruma tu, alimwambia achungulie kwenye darubini aone anachocheza nacho. Tej alivua miwani, akainama, akanyamaza muda mrefu mno hata Dília akadhani amesinzia. Kisha akainua uso, macho yamejaa mshangao wa mtoto, akauliza:

"Hivi kila siku unaona vitu hivi, halafu unarudi nyumbani kupika kama kawaida?"

Hakuna mwanamume aliyewahi kumuuliza Dília swali kama hilo. Usiku ule hakupika.

Gari lilisimama nje. Tej alishuka akiwa na shati lililopigwa pasi mpaka likakakamaa, mkononi ameshika mfuko wa karatasi. Dília alifungua mlango kabla hajabisha. Walitazamana kizingitini, na kwa muda ule mfupi hapakuwa na baba wala maabara. Palikuwa na harufu ya mvua kwenye shati lake na yale macho meusi yaliyokuwa yakimuuliza kama yuko salama.

"Ingia," alinong'ona. "Amekwisha noa visu."

Mzee alikuwa ameketi kwenye ncha ya meza, hakunyoosha mkono. "Wewe ndiye kijana unayetaka kunizika?"

"Sijaja kumzika mtu, mzee. Nimeleta mapichi makavu. Mama ameyakausha mwenyewe."

Mzee alifungua mfuko, akanusa, akatoa pichi moja na kulitafuna polepole kama anayetafuta kosa. Hakuliona. "Mama yako hana hatia," alisema. "Kaa ule."

Walikula supu ya nyama iliyomiminwa juu ya mkate na majani ya mnanaa, kama inavyoliwa kwao visiwani. Tej alimaliza sahani ya kwanza, akaongezwa ya pili. Mzee alihesabu kwa jicho, akaonekana kulainika kidogo, kisha akajikumbusha kwamba hakutakiwa kulainika.

"Nasikia tone moja linatosha," alisema. "Tone moja, vipimo arobaini."

"Arobaini na viwili, mzee."

"Mimi na marehemu mke wangu tulihangaika maisha yetu yote kujua kuvipima vizuri, na mpaka leo huyu Dília anazikagua zile mashine kila asubuhi kama mama mwenye watoto wenye homa. Wewe umevimaliza kwa miaka mingapi?"

"Minne."

"Hongera. Na binti yangu umemmaliza kwa muda gani?"

"Baba!"

Tej aliona haya mpaka masikioni. "Mwaka," alijibu. "Ila nadhani yeye ndiye aliyenimaliza mimi."

Dília aliinamisha uso kwenye sahani kuficha tabasamu. Chini ya meza, goti la Tej lilikuwa limegusana na lake, lenye joto, na akatamani saa ile isimame hapo, mvuke wa supu ukipanda, jua likitambaa kwenye kitambaa cha meza.

Tej aliweka kijiko chini. "Mzee, nimekuja kukuomba..."

"Hapana."

"Sijamaliza."

"Nimekujibu mapema usichoke." Mzee alijifuta midomo. "Kesho mashine yako inaingia kwenye maduka ya dawa jimbo zima, sivyo? Mle kwenye maabara yangu wamo watu ambao nilisimama kwenye harusi zao. Wakikosa kazi watakuja kunilaumu mimi, na watanikuta nimekaa na wewe mezani. Nikuite nani mbele yao? Mwanangu, au mshindani wangu?"

"Kwani mimi ni mali ya maabara, baba?" Dília aliuliza kwa sauti ya chini.

Mzee alisukuma sahani yake mbele.

"Hiyo mashine iko kwenye gari, sivyo? Vijana wa aina yako hamwendi hata chooni bila mashine zenu. Ilete. Nipime mimi. Halafu Dília anipime kwa mashine zetu. Majibu yakilingana, tutaongea kama wanaume."

Tej alitoka karibu akikimbia. Alirudi na kifaa cheupe, ukubwa wa mkate, akakiweka kati ya sahani. Dília alikuwa amekwisha kuleta mkoba wake wa kazi.

"Mimi nitachukua ya mkono, baba. Kunja shati."

Hapo ndipo alipoona jambo ambalo hakuwahi kuliona. Rangi ilimtoka mzee usoni.

"Kidole kinatosha," alisema haraka.

"Tutalinganishaje na kidole?"

"Nimesema kidole kinatosha, Dília."

Alimtazama baba yake, na kumbukumbu ikamjia ya mama yake katika miezi ile ya mwisho, mikono imebadilika rangi kwa kudungwa sindano, na baba akiwa amesimama nje ya chumba kila muuguzi alipoingia. Kumbe hakuwa akiwapisha. Alikuwa akikimbia. Mtu aliyetia damu ya nusu ya bonde kwenye vichupa hakuwa ametoa ya kwake tangu mkewe azikwe, na binti yake daktari hakuwa amejua.

"Anza na kidole basi," alimwambia Tej kwa upole.

Vidole vya mzee vilikuwa vya baridi. Tej alivipasha kwa viganja vyake, akachoma, lakini damu ilitoka kwa uchoyo. Alikamua kidogo. Akakamua tena. Tone likaja. Mashine ilinguruma kwa sauti ya paka aliyeshiba, wote watatu wakaiangalia, hadi majibu yakajitokeza kwenye kioo chake mstari kwa mstari.

Tej alisoma, akaacha kupumua.

"Dília. Potasiamu."

Aliinama kutazama. Ilikuwa juu mno, kiasi ambacho moyo unaweza kusimama bila taarifa. Tej alikuwa amekwisha kutoa simu. "Naita gari la wagonjwa."

"Niacheni kwanza nimalizie mkate wangu," mzee alisema.

Dília alishika kifundo cha mkono cha baba yake. Mapigo yalikuwa yakienda sawasawa, haraka kidogo kuliko kawaida, lakini bila kuruka hata pigo moja. Alisikiliza tena. Akamtazama Tej.

"Umemkamua."

"Damu haikutoka, ningefanyaje?"

"Kidole cha baridi ukikikamua, chembe za damu zinapasuka, potasiamu iliyomo ndani yake inamwagika. Mashine yako imepima mkono wako, Tej. Haikumpima baba."

Mzee alianza kutabasamu kwa ushindi. Dília hakutabasamu. Jicho lake lilikuwa limeshuka mistari michache chini, kwenye wingi wa damu. Saba na kidogo. Mwanamume wa kimo kile alipaswa kuwa na karibu mara mbili ya hapo. Akazitazama kucha za baba yake, nyeupe kama karatasi. Tangu lini? Alikuwa amesema ni uzee. Kila alipomwona akipumzika katikati ya ngazi alisema ni uzee.

Namba hii nayo ilikuwa ya uongo, au ilikuwa ya kweli?

"Baba," Dília alisema, akivuta mkoba karibu. "Nahitaji mkono."

Baba yake alimwelewa. Macho ya mzee yalizunguka chumba yakitafuta mlango. Kisha bila mtu kumwambia, Tej alivuta kiti, akaketi upande wa pili, akaweka kiganja chake wazi mezani.

"Bana hapa, mzee. Bana mpaka nilie."

"Nitakuvunja."

"Nivunje. Nitapima kwa mkono mwingine."

Mzee alikunja shati. Dília alifunga mpira juu ya kiwiko, akapapasa mshipa kwa ncha ya kidole kama alivyofundishwa na mama yake, na sindano ilipoingia baba yake hakuitazama. Alikuwa amefumba macho, ameshika mkono wa kijana aliyemkataa nusu saa iliyopita, midomo ikitaja jina la Filomena. Tej hakulia. Ila aliuma meno.

"Imekwisha," Dília alisema.

"Tayari?" Mzee alifungua jicho moja. "Mbona sikusikia kitu?"

"Mimi nilisikia," Tej alisema, akikunjua vidole vyake kimoja kimoja.

Waliondoka wote watatu kwa gari la Tej. Dília aliamini mapigo yale, lakini hakuna daktari anayemwacha baba yake peke yake nyumbani na namba kama ile. Mlangoni pa maabara aliweka mashine ndogo ya kupima moyo juu ya kifua cha baba yake, akaona mistari imetulia, akamlaza kwenye kochi la wagonjwa. Mzee alipitiwa na usingizi mara moja. Mfanyakazi wa zamu alikuwa amekwenda kula, hivyo kule ndani walikuwa wawili tu.

Maabara Jumapili ilikuwa kama kanisa baada ya watu kuondoka. Taa chache, mashine kubwa zikinguruma kwa sauti moja ndefu, madirisha yakileta mwanga wa kijivu uliochujwa na mawingu yaliyorudi. Dília aliingiza kichupa, akabonyeza, akarudi kusimama kando ya Tej. Hawakugusana. Bega lake lilikuwa karibu na lake kiasi cha kuhisi joto kupitia shati.

"Ukiwa hapa unakuwa mtu mwingine," Tej alisema. "Unatembea kama unaelea."

"Naogopa tu. Nikiogopa natembea polepole."

"Atapona."

"Hujui."

"Sijui. Lakini nasema, ili ulisikie neno lenyewe."

Dília akaegemeza kichwa begani pake. Alisikia moyo wake ukigonga ndani ya shati lile lililokakamaa, na kwa muda huo aliota nyumba ambayo haikuwapo bado, yenye madirisha mengi na meza ndefu, na mtu huyu akitafuta miwani yake kila asubuhi huku imo kichwani. Ilikuwa ndoto ndogo tu. Mashine ikalia, ikamkatiza.

Alisoma. "Potasiamu iko sawa kabisa."

"Mungu mkubwa."

"Wingi wa damu ni saba. Mashine yako ilisema kweli. Anapoteza damu mahali fulani, na si jana wala juzi."

"Kwa hiyo hapo tulipatia."

Alisema bila hila, kwa nafuu tu, lakini neno lile lilimchoma Dília. Alijitenga naye, akamkabili.

"Mlipatia moja, mkakosea moja. Tej, ulijua?"

Tej alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Nijibu. Usinitafutie maneno."

"Nilijua potasiamu inayumba," alisema hatimaye. "Si kila mara. Wenzangu walisema tutairekebisha kwa hesabu ndani ya programu. Nilitaka kuwaamini, nikawaamini."

"Kesho bibi mmoja ataingia duka la dawa. Ana vidole vya baridi kama vya baba. Atakamuliwa. Ataambiwa potasiamu iko juu, na daktari mwenye haraka atampa dawa ya kuishusha. Kitu ambacho hakikupanda kikishushwa, unajua moyo unafanya nini?"

"Najua."

"Basi kesho sema hapana."

"Dília, si jambo la kusema tu. Wawekezaji wamesubiri miaka minne. Wapo watu wameacha kazi zao kunifuata. Nikisema hapana kesho, hakuna kampuni tena."

"Na ukisema ndiyo, hakuna mimi."

Mvua ilianza upya, ikigonga kioo kwa vidole vyepesi.

"Unaniwekea sharti?" aliuliza polepole.

"Hapana. Nakuambia mimi ni nani. Namba zinazotoka humu, mtu anazimezea dawa. Siwezi kulala kando ya mtu anayelala akijua anachojua."

Tej aliinua mkono, akamgusa shavu kwa mgongo wa vidole vile vilivyobanwa na baba yake. Dília alifumba macho. Kama Tej angemwita kwa jina wakati ule, kama angesema neno moja tu, huenda angelegea. Hakusema. Alipofumbua macho aliona mgongo wake unapotelea kwenye mlango. Nje, maua meupe ya mti wa barabarani yalikuwa yameanguka yakafunika kioo cha gari lake, naye hakuyafuta; aliondoka nayo hivyo hivyo, polepole, mpaka kona ikammeza.

"Mmegombana?" mzee aliuliza kutoka kwenye kochi, macho bado yamefumbwa.

"Baba, una damu kidogo sana. Tunakwenda hospitali sasa hivi."

"Nimeuliza mmegombana."

"Ndiyo."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya bibi mmoja ambaye hatumjui."

Mzee alifumbua macho. "Mama yako naye alikuwa hivyo," alisema. "Ilinichosha sana. Nisaidie ninyanyuke."

Hospitali walikuta kidonda tumboni kilichokuwa kikivuja damu kimyakimya kwa miezi. Walikiziba, wakamwongezea damu, na kufikia Jumatano kucha za mzee zilianza kuwa na rangi ya mtu aliye hai. Dília alilala kwenye kiti kando ya kitanda. Simu aliiweka mapajani, uso juu. Haikuwaka kwa jina alilolitaka.

Mzee ndiye aliyeona gazeti. Alilisoma akiwa amesogeza miwani mpaka kwenye ncha ya pua, kisha akalisoma tena.

"Wamemtoa," alisema.

"Nani?"

"Kijana wako. Alisimama mbele ya wawekezaji asubuhi ya Jumatatu, akasema kipimo kimoja tu ndicho kiko tayari, wingi wa damu, na vile vingine arobaini na kimoja visiguse mtu mpaka wajue kupata tone bila kukamua. Kabla ya chakula cha mchana wakampigia kura, wakamtoa kwenye kampuni aliyoianzisha." Alikunja gazeti taratibu. "Mpumbavu. Mpumbavu kabisa. Kwa nini hakukupigia?"

Dília alijifuta machozi kwa kiganja.

"Labda ana hasira na mimi," alisema.

"Hana hasira. Ana aibu. Mwanamume akipoteza kila kitu anakimbilia kwa mama yake. Huko kwao ni wapi?"

"Yuba City. Lakini wewe huendi popote, baba."

"Mimi sijasema naenda. Nimesema huko kwao ni wapi."

Alikwenda, bila shaka. Wiki iliyofuata, aliporuhusiwa kutoka hospitali, alijifunga mkanda kwenye kiti cha mbele kabla Dília hajapata funguo. Walisafiri kaskazini asubuhi nzima, na walipoiacha barabara kuu mipichi ilikuwa imechanua pande zote mbili, rangi ya waridi tupu mpaka macho yalipochoka, hata Dília akapunguza mwendo bila kukusudia, akihofia kuamsha kitu.

Mama yake Tej aliwapokea uani. Alikuwa mwanamke mfupi, ametupia mtandio wa njano kichwani na kuvaa viatu vya mpira vyenye matope. Jina lake Harbans.

"Wewe ndiye yule daktari?"

"Ndiye mimi, mama. Habari za hapa?"

"Habari gani? Mwanangu alikuwa na kampuni, sasa ananipunguzia maua mitini, tena vibaya. Yeye anasema hukumkosea. Mimi nasema ulimkosea." Alimpima kutoka kichwani hadi miguuni. "Na mimi nilitaka binti wa kwetu, nikuambie mapema."

"Nimesikia, mama."

"Sijabadili mawazo. Umekula?"

"Bado."

"Hamna anayewalisha huko mjini." Akamgeukia mzee. "Na huyu mbona mweupe hivi? Mkalisheni pale. Nitampa mchicha."

"Mimi ndiye niliyekula mapichi yako," mzee alisema, akivua kofia.

"Na?"

"Nimekuja kuyaulizia tena."

Dília aliwaacha wakianza kubishana kuhusu kinachofaa kidonda cha tumbo, akaingia mitini. Alimkuta Tej juu ya ngazi, amevaa shati kuukuu lililochanika begani, petali zimemganda kwenye nywele. Alipomwona alishika tawi kama anayeogopa kuanguka.

"Baba yako?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Yuko na mama yako. Wanagombana. Shuka."

Alishuka. Walisimama wakitazamana, nyuki wakivuma juu yao. Alikuwa amekonda. Macho yalikuwa yale yale.

"Kwa nini hukunipigia?"

"Nilitaka nikupigie siku nikiwa na kitu cha kukuletea. Sasa sina. Mashine si yangu tena, Dília. Hata jina la kampuni siruhusiwi kulitumia."

"Baba alikuwa anavuja damu tumboni. Sindano asingeikubali hata kwa mtutu wa bunduki. Ni tone lako lililomkamata."

"Na tone hilo hilo lingeua mtu mwingine."

"Yote mawili ni kweli."

Tej alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Kwa hiyo magazeti yalidanganya. Maabara zenu hazifi."

"Hazifi. Lakini wako akina baba wengi tu wanaokimbia sindano, hawaji kwetu, na hatuwajui mpaka wanaletwa kwenye machela. Hao hatujawahi kuwafikia. Kipimo kimoja, Tej, kilicho sahihi, kidole kikiwa cha moto au baridi. Kichwa si umekuja nacho?"

"Utanipa kazi?"

"Hilo uongee na baba, atakusumbua miezi sita. Mimi sikuja kwa ajili ya kazi."

Upepo ulipita, maua yakamwagika kimya kati yao. Tej alivuta pumzi. "Baba yako alisema hapana."

"Baba alijibu swali lake. Mimi hakuna aliyeniuliza."

"Basi nikikuuliza..."

"Usiniulize." Alimsogelea mpaka akaona uso wake mwenyewe kwenye miwani yake. Moyo ulikuwa unamwenda mbio kuliko siku yoyote ya maabara, lakini sauti yake ilitoka tulivu, kama ya mtu anayesoma jibu alilolihakiki mara mbili. "Nakuuliza mimi. Utanioa, Gurtej?"

Tej aliketi chini. Hakuchagua kuketi; alijikuta tu kwenye udongo uliolowa, mgongo kwenye shina, akimtazama kutoka chini kama siku ile alipoinua uso kwenye darubini.

"Mbona umekaa?"

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Ndiyo, nitakuoa. Ndiyo, nilikuwa naumia bila wewe. Ndiyo kwa vyote."

Dília alipiga magoti kwenye matope pamoja na gauni lake la kanisani, akamshika uso kwa mikono yote miwili. Kutoka nyumbani mama yake Tej aliita kwamba chakula kinapoa. Akaita tena, na safari hii mzee Anselmo naye akaita, kwa sauti kubwa kuliko yake.

Hakuna aliyeitika.